Mstari Ulioingia Ndani ya Pindo

Vitenge vililetwa na gari jeupe la kampuni ya madini siku ya Jumatatu, mvua ikiwa imetoka kukatika, na Mama Virginie akavipokea barazani kama mtu anavyopokea mgeni aliyemngoja tangu ujana. Alinawa mikono kwanza. Ndipo akafungua mfuko wa juu, akavuta kitambaa na kukitandaza juu ya meza ya kukatia, na hapo akayaona maneno ya mume wake, yamechapwa kwa rangi nyeupe juu ya wekundu ule ule wa udongo wa Lubumbashi. Mistari ilikuwa minne, chini kabisa, karibu na ukingo. Juu ya maneno palikuwa na mchoro wa kilima chenye uso wa mwanamke. Nywele zake zilikuwa miti. Kwenye paji la uso walikuwa wamempiga nembo ya kampuni, kama ng'ombe anavyopigwa alama ya mwenyewe.

"Mama, unaona vile inatoka bien?" aliuliza Gauthier, kijana wa ofisi ya mawasiliano ya kampuni, huku akijifuta tope kwenye kiatu. "Bamama bote ya quartier batapita nayo mbele ya tribune, tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya bamama. Na Papa Stanislas atasoma yeye mwenyewe na mikro. Kiisha ile siku, kitabu yake inaenda ku imprimerie, ichapwe. Patron alisha kukubali."

"Aksanti, mwana wangu," alisema Mama Virginie, na alikuwa anamaanisha.

Lazima isemwe huyo mumewe, Stanislas, alikuwa nani, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini fundi mzima alikuwa karibu kulilia kitambaa. Alikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule ya parokia hadi alipostaafu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mtu wa miaka sitini na nane ambaye tangu ujana alikuwa anaandika mashairi na kungoja yawe kitabu. Aliwapelekea mapadri. Aliwapelekea watu wa redio. Wengine walimsifu, wengine walimwambia arudi kesho, na kesho hiyo ilizeeka pamoja naye. Shairi moja tu ndilo lililotoka nje ya nyumba likatembea. Liliitwa "Ardhi Nyekundu", na kila mtoto aliyesoma mtaani kwao alilijua kwa moyo. Mwalimu anasema mistari mitatu, darasa zima linamjibu wa nne:

*Wewe ni ardhi nyekundu, mama:
unachimbwa, nawe wachipua;
unakanyagwa, nawe wanyamaza;
huchoki, mama, huchoki.*

Mwanamke wa shairi hilo alikuwa Virginie. Mtaa mzima ulijua. Alizeeka na sifa hiyo kama wengine wanavyozeeka na pete.

Kesho yake wanawake walianza kuja kupimwa. Wa kwanza alikuwa Chola, jirani yake, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala, ambaye miaka mingi walilima naye bega kwa bega kule demboni, kwenye bonde la maji nyuma ya nyumba za mwisho. Alipokiona kitambaa alikishika kiunoni, akajitazama chini hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Eh, Mama Virginie. Kumbe Baba Stanis atazunguka ku magulu ya bamama bote ya quartier, na we uko unacheka tu?"

"Akizunguka na maneno, haina shida."

"Banaanzaka na maneno."

Keren alicheka hadi akaiacha pasi. Keren alikuwa mtoto wa mdogo wake Virginie. Alilala kwao kwa sababu ya masomo, kwenye kitivo cha fasihi, na alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho juu ya wanawake na maumbile katika mashairi ya siku hizi. Jioni alisoma vitabu, mchana alimsaidia mama yake mkubwa kupiga pasi, na vitu hivyo viwili alivichanganya bila shida.

"Mama Chola, nikuambie kintu," alisema. "Mi nilisha kusoma mashairi mingi, mpaka macho inaniuma. Mule ndani mwanamke iko ardhi, iko muto, iko mvua, iko muti ya matunda. Mwanaume, yeye, eko muntu."

"Anafanyaka nini, ule muntu?"

"Analima. Anachimba. Ao anakaa pembeni ya muto, analia."

"Njo vile beko."

"Kuko bantu banasoma mashairi vile, banauliza maswali. Banaitaka *ekofeminisme*."

"Ile iko ugonjwa ao dawa?"

"Iko kuuliza tu, mama. Ule mukono inaharibu ardhi, na ule mukono inachokesha mwanamke, iko mukono mbili ao moja? Na ukiita ardhi mama, ni juu ya kuiheshimu, ao ni juu ya kukamata bintu yake bila kuomba? Mama ya muntu, nani anamuombaka?"

Chola alikigeuza kitambaa, akasoma polepole, kidole kikifuata herufi, kama alivyofundishwa. Alipofika mwisho akaguna.

"Huchoki. Mi nilichoka tangu mimba ya kwanza."

Wakacheka wote wawili. Virginie hakucheka. Alikuwa na chaki mkononi, na chaki ilibaki hewani.

Maana ilimrudia siku ile, yote, na harufu yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa, nyumba ya baba mkwe katika kambi ya wafanyakazi. Alikuwa ametoka demboni na beseni la mboga za lengalenga kichwani na Kiki, mtoto wao wa kwanza, tumboni, tope jekundu hadi magotini. Aliketi kwenye kizingiti kwa sababu ndani palikuwa mbali. Akasema, "Stanis, nimechoka. Nimechoka mpaka ndani." Stanislas alikuwa mezani na kalamu. Alimtazama kwa muda mrefu sana, akamtazama vizuri, hata yeye akafikiri sasa atanyanyuka amletee maji. Hakunyanyuka. Jioni alimsomea shairi. Naye alilia kwa furaha, kwa sababu alikuwa msichana, na hakuna mtu aliyewahi kumtazama namna ile. Akaamini kwamba kupendwa ndiko huko.

Miaka yote hiyo alikumbuka shairi na kusahau alichosema kizingitini. Sasa vyote viwili vilikuwa mezani pamoja, na havikupatana.

Hakuwa mtu wa kuficha neno likaoza. Stanislas aliporudi kutoka misa ya jioni alimwandalia ugali wa bukari na matembele, akamwacha ale, kisha akasema:

"Baba Kiki, ule mstari ya ine, uugeuze."

Stanislas alidhani ni mzaha. "Ule njo roho ya shairi, Mama Kiki."

"Ile siku nilikuambia nimechoka."

"Sikumbuke."

"Mi ninakumbuka. Nilisema nimechoka, na we ukaandika huchoki."

"Shairi haiko ripoti ya polisi." Alisukuma sahani. Sauti yake haikupanda. Huyu alikuwa mtu aliyefundisha watoto hamsini bila kupiga kelele. "Wakati ile nani alikuwa anasifu mwanamke? Baba yangu alikuwa anaita mama yangu na filimbi, sawa vile reli. Mi nilikuweka juu."

"Uliniweka chini, Baba Kiki. Uliniweka chini, kiisha ukapanda, ukasema kule chini iko muzuri."

Keren, aliyekuwa anaosha vyombo nje, aliacha kugonga sufuria.

"Mbona miaka yote ulikuwa unaipenda?"

"Niliipenda. Hata leo ninaipenda, mistari tatu." Alifuta meza polepole. "Siseme utoe mwanamke mu ardhi. Sina haya ya kuwa ardhi, mi ninaijua kukupita. Lakini unasema haichoke. Ardhi inachoka. Kesho twende uone."

Basi wakaenda, asubuhi, wazee wawili, yeye mbele, mume nyuma akiruka madimbwi na viatu vyake vya kanisani. Stanislas hakuwa ametia mguu demboni tangu watoto walipokuwa wadogo. Alilibeba kichwani bonde lenye kijani hadi ukingoni, wanawake wameinama, sauti zao zikivuka maji. Ndilo lililokuwa ndani ya mashairi yake na hakuona sababu ya kwenda kulihakiki.

Lilikuwa kimya. Tangu kampuni ilipojenga mabwawa yake ya kusafishia madini huko juu, maji yalishuka na rangi isiyo na jina, leo ya chai, kesho ya shaba iliyooza. Kwenye vitalu palikuwa na ukoko mweupe unaovunjika chini ya kisigino. Lengalenga iliyojiotea yenyewe ilikuwa imeungua kingo za majani kana kwamba mtu ameipitishia kiberiti. Wanawake waliondoka mmoja mmoja. Watu wa chupa walikuja, wakachota maji, wakaenda nayo mjini, na majibu hayajarudi hadi leo. Chola peke yake aliendelea kupanda matembele kwenye kipande cha juu, kwa ubishi.

Zamani Wabelgiji waliacha uwanja mpana mtupu kati ya mji wao na mji wetu, ili mbu wetu wasiwafikie. Babu zetu waliuvuka kila asubuhi kwenda kazini na kila jioni kurudi. Siku hizi hakuna uwanja. Kuna ukuta wa kampuni, ambayo tangu zama zile imebadili jina tu, na kilicho chao ndicho kinachotufikia.

Stanislas aliinama, akachuma jani. Likamvunjikia mkononi.

"Sikujua inafika mpaka hapa," alisema.

"Ulikuwa unaandika."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. Alisimama akitazama ukuta kule juu. Baadaye alisema kwamba kitabu kikichapwa, ndani yake ataweka shairi la pili, la mahali hapa, kama palivyo.

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza bantu banaijua, Mama Kiki. Banaiomba. Nikiigeuza sasa, ule kijana ataniuliza juu ya nini, na nitajibu nini? Kitabu itapotea." Akaliacha jani lianguke. "Nilingoja sana."

Virginie alimtazama shingo, iliyokuwa imekonda ndani ya kola. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa mtu aliyetaka kuona jina lake kwenye jalada kabla hajafa, na mkewe alitaka hivyo hivyo, alitaka kuliko yeye. Ni Virginie aliyemfulia shati kila alipokwenda kubisha hodi kwa wachapaji. Kumnyima mstari ilikuwa kumnyima kitabu. Kumwachia mstari ilikuwa kupita mbele ya watu wa ukuta ule, akiwa na wenzake wa dembo, na kuwaambia kwa sauti kwamba hawachoki.

"Utasoma ya kwako," alisema mwishowe. "Mi nitashona ya kwangu."

Mafundi wa mji huu wana sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika na wote wanalishika: uso haukatwi. Kitenge kikiwa na uso wa askofu, wa rais, wa marehemu, uso ukae mzima, kifuani au mgongoni au mbele ya sketi, hata kama kwa ajili hiyo kitambaa kingine kitapotea. Kulikuwa na miaka ambapo fundi aliyempitishia kiongozi mkasi shavuni aliitwa kwenda kujieleza. Miaka hiyo ilipita, woga ukapita, sharti likabaki, nalo siku hizi ni heshima tu ya kazi.

Basi ili uso wa kilima ukae mzima mbele ya sketi, kitambaa kilikuwa kirefu mno, na kipande kilipaswa kwenda mahali. Fundi yeyote angepunguza kiunoni. Virginie alipunguza chini. Alikunja pindo pana, akalipiga pasi, akalipitisha kwenye cherehani mara mbili. Mstari wa nne ukaingia ndani.

Alianza na sketi yake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Chola alipokuja kujaribu ya kwake alijitazama chini, akasoma.

"*Unakanyagwa, nawe wanyamaza.* Kiisha?"

"Kiisha pindo."

"Na ule mwengine?"

"Iko mule ndani."

Chola alishika ukingo wa sketi kwa vidole viwili, akaupima unene.

"Ushone nguvu," alisema.

Waliokuja baadaye hawakuhitaji kuelezwa. Walijaribu, wakasoma, wakatazamana, wakajifunga kanga zao na kwenda. Aliyeuliza alikuwa Gauthier peke yake, aliyepita kuhakikisha kazi inaenda.

"Mama, kuko mstari moja inapotea, si ndiyo?"

"Uso haukatwi, mwana wangu. Ni sheria ya kazi. Ao unataka nikate pale juu, nipite na makasi mu nembo yenu?"

Gauthier aliitazama nembo kwenye paji la uso. "Non, non, mama. Uache vile."

Stanislas hakuona kitu. Nyumba ilikuwa imejaa sketi, naye alizipita kama anavyopita mwanamume aliyeoa fundi. Alikuwa anajizoeza kusoma, chumbani, kwa sauti ya chini.

Tarehe nane jua lilitoka baada ya mvua, uwanja wa mpira ukawa unafuka mvuke. Kwenye tribune, jukwaa la wageni, walikaa wakubwa wa wilaya na wa kampuni chini ya turubai. Wanawake walipita mstari kwa mstari, bendi ya fanfare ikipiga, wakasimama mbele, makumi ya vilima vyekundu vyenye nyuso. Gauthier akashika mikro na kumwita mshairi wa mtaa, na Stanislas akapanda katika suti yake ya kijivu. Virginie, aliyekuwa mstari wa mbele, aliona amesimama wima, akafurahi.

Alisoma vizuri. Hilo asinyimwe. Sauti yake ilikuwa bado ile ya darasani, inayofika hadi dawati la nyuma. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja juu, kama alivyowainulia watoto miaka arobaini, na akangoja.

Mdomo wa Virginie ulikuwa tayari. Hakuwa amepanga hili; pindo lilikuwa limemtosha. Alijua, bila kugeuka, kwamba wanamsikiliza yeye: akijibu, wote watajibu, na mume wake atashuka na kitabu. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi, jepesi, lenye mazoea. Alifikiria jalada. Alifikiria jina la Stanislas kwa herufi kubwa. Akafikiria pia msichana kwenye kizingiti, ambaye hadi leo hakuletewa maji.

Akafunga mdomo.

Hakuna aliyejibu. Uwanja mzima ulisikia turubai likipigwa na upepo. Stanislas alidhani hawakusikia. Akarudia wa tatu, akainua mkono tena. Kimya. Ndipo akamtafuta mkewe kwa macho, akampata, na macho yakashuka. Mwalimu hawezi kuona maandishi asiyasome. Alisoma sketi yake: mstari, mstari, mstari, mshono. Akasoma ya Chola. Akasoma ya aliyefuata na ya aliyemfuata huyo, polepole, kama anayesahihisha kazi za darasa zima na kukuta wote wameandika jibu moja.

"Papa, continuez," Gauthier alinong'ona nyuma yake, na mikro ikaokota.

Angeweza kuusema mwenyewe. Ulikuwa wake, na maneno yenyewe hayakuzidi matatu. Alisimama pale muda ambao Virginie hakuweza kuuvumilia bila kushika mkono wa Chola. Kisha akashusha kiganja.

"Inaishia pale," alisema. "Mistari iko tatu tu."

Akashuka. Mkubwa wa kampuni, ambaye Kiswahili hakijui, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Gauthier aliwafikia kwenye lango la uwanja, fanfare ikiwa imeanza tena. Hakuwa na hasira, maskini; alikuwa na uso wa mtu atakayeulizwa maswali. "Papa, juu ya kitabu, tutawaita." Kila mtu wa mji huu anajua maana ya *tutawaita*. Stanislas akampa mkono na kumshukuru.

Walitembea hadi mahali lami inapokwisha.

"Kitabu inapotea," alisema Stanislas.

"Ninajua. Nilikuwa naitaka, na mimi."

"Ninajua." Alitembea kidogo. "Sikukuletea maji. Ile siku."

"Hapana."

Mbele yao njia ilikuwa tope tupu. Virginie akasimama na kuvua viatu.

"Nitaandika ingine," Stanislas alisema. "Juu yako na dembo. Vile munachoka."

"Uandike juu ya kampuni. Mimi na ardhi, utuache kwanza tupumzike."

Stanislas aliwaza, na alipowaza midomo yake ilicheza, kama inavyocheza akitafuta neno. "Kampuni, nitaifananisha na nini?"

"Usiifananishe na kintu. Uiite na jina yake."

"Ya leo? Ao ile ya wakati ya baba yangu?"

"Yote," alisema Virginie, akampa viatu amshikie, akapandisha sketi na kuingia topeni.